Kiatu cha Kukhu Kimenyamaza

Kayole, Ijumaa, saa tisa alasiri

Nafula wangu, kipenzi cha roho yangu,

Umetoka kwenda kusukwa nusu saa iliyopita, na tayari nimesimama dirishani mara nne, kana kwamba safari ni ya leo na si ya kesho asubuhi. Nimeketi kwenye mashine yangu ya kushona, nimeweka daftari juu ya gauni la mtu ambalo lilipaswa kuwa tayari jana, na naandika. Sitakuandikia habari ya kuchemsha maji, wala ya kufunga zipu ya mfuko wa pasipoti, wala ya soksi. Hayo tumeyasema wiki nzima mpaka Wekesa akatuomba tumhurumie. Nina jambo moja tu, na mkono unalikimbia.

Ngoja niliandike kabla sijainuka tena. Kiatu cha mama yangu, Kukhu wako, ulichokifunga kwenye leso ya njano, kile cha kulia, kimekufa. Saketi iliyo ndani ya kisigino imeungua. Mimi ndiye niliyeiunguza, siku ya Jumatano, wakati wewe ulikuwa umeipima Jumanne na kusema hutaigusa tena mpaka ufike Kigali. Jumatatu utasimama mbele ya wakubwa wa ile maabara, utamwomba mmoja wao akivae kiatu hicho na kutembea, naye atatembea, na hakuna kitakachotokea.

Haya, nimeliandika. Nimekwenda jikoni, nimekunywa maji, nimerudi, na bado liko hapo kwenye karatasi.

Sasa nikueleze, ingawa nikikueleza nitaonekana mjinga zaidi. Kosa lilianza na furaha. Wewe unajua nilivyo tangu harusi yangu na Wekesa. Wiki tatu zimepita na mimi bado naamka nikiangalia mlangoni kama viatu vyake bado viko pale kando ya vyangu. Nina miaka arobaini na saba na naimba nikipimiwa unga dukani. Wekesa akirudi kutoka Kariokor ananuka raba na gundi, anasema hanikaribii mpaka aoge, nami namwambia njoo hivyo hivyo. Ukicheka cheka, mwanangu. Mama yako alikuwa amesahau kwamba mtu anaweza kusubiriwa jioni, na kwamba kusubiri kwenyewe kunaweza kuwa kutamu hivi.

Basi Jumatano nilikuwa na furaha ambayo haikutoshea ndani ya nyumba. Wewe ulikuwa mjini kufuatilia tiketi. Nikasema nitamwonyesha Mama Brayo wa chini kile ambacho binti yangu anapeleka Kigali. Nikafungua leso, nikavaa akala za Kukhu, hizo ndara za raba ya gurudumu. Unajua mguu wangu na wake ni mmoja. Nikateremka ngazi hadi kwake.

"Bibi harusi!" akasema. "Leo umekumbuka kwamba kuna binadamu wengine duniani?"

"Nyamaza uone. Hiki kiatu hakina betri na kinaongea."

"Kinaongea? Basi kiulize Wekesa hupitia wapi akitoka kazini."

Nikatembea. Hatua nne mpaka kwenye ndoo zake, hatua nne kurudi, maana sebule ya Mama Brayo unaijua. Kimya. Kile kitaa chekundu cha kwenye kisigino hakikuwaka. Nikabonyeza kisigino kwa kidole gumba. Nikakigonga sakafuni. Mama Brayo akaanza kucheka, akasema kiatu nacho kiko fungate, kisisumbuliwe. Nilicheka pia, huku nikikivua.

Nafula, ulinieleza. Nakumbuka kila neno, na nakumbuka mahali uliposimama, hapo kwenye mitungi, siku ambayo maji ya kanjo ya jiji yalikuwa yakitoka kwa matone. Ulisema, "Mama, kila hatua inaviminya vile visahani vya shaba vilivyo ndani ya kisigino, na vikiminywa vinatoa umeme kidogo sana, kama tone hilo. Tone moja halifai kitu. Kwa hiyo kapasita inakinga, inakinga, kama kikombe. Kikombe kikijaa ndipo chipu inaamka, inatuma neno moja kwa redio, halafu inalala." Nikakuuliza inalala muda gani. Ukasema karibu maisha yake yote. Ukasema watu wengi wanaotengeneza vitu kama hivi wanahangaika kutafuta umeme mwingi, na wewe umehangaika miaka miwili kuifundisha chipu yako kuridhika na kidogo na kulala bila kupoteza hata hicho kidogo. Nilifurahi sana kukusikia ukisema hivyo. Nikamrudia Wekesa maneno hayo kwa simu, karibu yote.

Lakini Jumatano sikukumbuka kikombe. Sikukumbuka kwamba kinahitaji mwendo wa mtu anayetoka hapa mpaka getini, si hatua nne za kuzunguka meza. Niliona kitu kimekaa kimya, nikadhani kimekufa. Nimekuwa hivyo siku zote. Ulipokuwa kidato cha pili hukupiga simu Jumapili mbili, mimi nikapanda gari nikaja mpaka shuleni nikiwa na kitambaa kichwani kama wa matanga, nikakukuta uwanjani unacheza mpira wa wavu. Wenzako walikuita "maiti" mpaka muhula ukaisha. Hukunisemesha likizo nzima, na hukukosea.

Basi nikatoka na kiatu mbio hadi Spine Road, kwa yule fundi wa simu, Baba Joy. Nikamwambia kina shida, hakiwaki. Akaingiza kisu kidogo kwenye soli, akafungua, akachungulia.

"Mathe, betri iko wapi?"

"Hakina betri."

"Sasa unashangaa nini? Kitu bila betri kitawaka na nini?"

"Kinatumia kutembea."

Akaniangalia kama mtu anayeangalia mgonjwa. "Sawa. Ngoja nikishtue kidogo kiamke."

Wewe unajua wanavyozishtua betri za simu zilizokufa. Ana ile mashine yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Mimi mwenyewe nimeishi na simu iliyoshtuliwa mwaka mzima, kwa hiyo sikuona ubaya. Niliona ni kama kumpa uji mtu aliyezimia kwa njaa. Nilimwambia, na hili ndilo linaloniuma, nilimwambia, "Kiongezee kidogo, ni cha kwenda Kigali."

Kulitoka harufu. Si moshi mwingi, harufu tu, kama nywele zikiguswa na pasi.

"Kimekubali?" nikauliza.

"Mathe," akasema, "hiki hakikuwa kimezoea."

Nikarudi nyumbani nimekificha chini ya khanga. Gundi ya Wekesa iko kwenye kile kikebe chini ya kitanda. Nikapaka, nikakandamiza soli kwa pasi ya makaa, nikafunga leso vile ulivyoifunga, fundo upande wa kushoto. Uliporudi uliniuliza mbona nyumba inanuka gundi, nikasema ni suruali ya Wekesa.

Nimesimama tena dirishani. Saluni ya Njeri siioni kutoka hapa, lakini naona ile turubai ya bluu iliyo kando yake. Saa tisa na dakika arobaini. Akisuka mwenyewe bila msaidizi hamtamaliza kabla ya saa moja.

Usiku wa Jumatano nilimwambia Wekesa. Nilimwomba aniwekee soli vizuri, maana mkono wangu si wa raba. Mume wangu huyu ambaye hajawahi kunikatalia kitu akakataa. Alikitoa kwenye leso, akapitisha ukucha pale nilipobandika, akasema, "Gundi umeipaka bila kusugua soli. Hii itabanduka kabla hajafika mpakani Malaba." Nikasema basi ibandike wewe. Akasema, "Nikifunga hiki kisigino nitakuwa nimefunga mambo mawili, na la kwanza lilishanishinda kubeba."

Nililijua hilo la kwanza. Wewe hulijui. Sikupanga kuliandika leo. Nilipanga kuandika hili la saketi tu, kisha niikunje barua niitie chini kabisa kwenye begi, ndani ya sweta lako la kijivu, uikute ukiwa umeshafika. Lakini ninavyoandika naona mambo haya yametoka tumbo moja, na siwezi kukupa moja nikabaki na jingine.

Nafula, siku Kukhu alipopotea sikuwa bafuni.

Nilikuambia nilikuwa naoga, dakika tano, nikatoka nikakuta mlango wazi. Ilikuwa Alhamisi. Wewe ulikuwa chuoni, na Alhamisi ilikuwa zamu yangu ya kukaa naye kwa ajili ya ule usahaulifu wake. Nilimlaza baada ya chakula cha mchana, nikauvuta mlango ukajifunga kwa komeo lile ambalo hata mtoto mdogo anaweza kulifungua kutoka ndani, nikaenda Kariokor kuchukua akala nilizoagiza. Nilijiambia ni saa moja. Fundi aliyezitengeneza alikuwa ananichekea tangu siku aliponipima mguu. Siku hiyo alikuwa ameagiza chapati mbili na maharage, akapangusa kiti kwa aproni yake na kuniambia, "Mama, kaa. Viatu havitoroki." Nikakaa. Alinieleza jinsi gurudumu la lori linavyokatwa, nami nikamsikiliza kama ni mahubiri. Nilikaa saa tatu. Nilikuwa sijakaa na mtu saa tatu tangu baba yako alipoondoka, nawe ulikuwa na miaka sita.

Fundi huyo ni Wekesa. Ndiyo. Nilimjua miezi minane kabla wewe hujaniuliza kama namfahamu mtu Kariokor anayeweza kuchimba shimo kwenye kisigino cha akala bila kukipasua.

Kukhu tulimpata jioni Jericho, unakumbuka, kwenye zile nyumba za zamani za kanjo. Alikuwa akibisha kwenye mlango wa nyumba waliyokaa na babu yako nilipokuwa mdogo. Watu wa pale walikuwa wamempa chai. Alikuwa peku. Alimwambia mwenye nyumba kwamba mumewe akitoka kazini reli asimkute amefunga. Wewe ulimfuta miguu kwa skafu yako. Uliniuliza mara moja tu, "Mama, ilikuwaje?" Mimi nilikuwa na ladha ya maharage mdomoni bado, nikasema, "Nilikuwa bafuni, dakika tano tu."

Ungenigombeza ningekuambia ukweli ndani ya juma. Lakini hukunigombeza. Ulinikumbatia, ukasema, "Dakika tano si kosa la mtu." Kisha ukaanza kuchora. Kwa sababu ya dakika tano zangu za uongo ulikaa kwenye karakana ya Akinyi kule Jericho Jumamosi zote, na solda, na visahani ulivyoving'oa kwenye kengele za saa mbovu, mpaka Kukhu akavaa kiatu kinachosema "amepita getini" bila mtu kukumbuka kukichaji. Na kilisema. Asubuhi ile ya kwanza kile kiboksi cha mlangoni kinachopokea neno la kiatu kilipolia, Kukhu alikiambia "Nakuja!" akidhani anaitwa, nasi tulicheka mpaka tukakaa chini. Alikivaa mpaka mwisho wake, mwaka jana. Hakupotea tena.

Nimefikiria mara nyingi kwamba hapo ningeweza kusema. Jambo lilikuwa limegeuka jema. Lakini jema nalo linafunga mdomo. Kila lilivyozidi kuwa zuri, ndivyo nilivyoona nitakuwa mwovu nikiligusa. Ulipomleta Wekesa nyumbani kupima kisigino cha Kukhu, nilimsalimia kwa mkono kama mgeni, naye akaniitikia kama mgeni. Usiku huo alinipigia simu akasema, "Sitaweza haya muda mrefu." Nikamwambia kidogo tu, mpaka mambo yatulie. Nilikuwa nimependa, Nafula. Nilikuwa nimependa kama msichana, nikaona aibu kwamba mapenzi yangu yalianza siku mama yangu alipokuwa peku barabarani. Nilitaka yaanze siku nyingine yoyote.

Wewe ukanipa siku nyingine. Kwenye harusi ulichukua kipaza sauti, ukiwa na lile gauni lako la zambarau, ukasema, "Wengine wanakutanishwa na shangazi. Wazazi wangu wamekutanishwa na saketi yangu." Ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Ulisema "wazazi wangu". Nilimtazama Wekesa, naye alikuwa anatazama viatu vyake. Baadaye tukiwa kwenye gari akaniambia, "Ameniita baba mbele ya watu wote, na mimi nilikuwa nimesimama pale kama mwizi aliyevaa suti." Hata siku ile ya furaha kuliko zote, machozi uliyoyaona hayakuwa ya furaha peke yake.

Saa kumi na robo. Nimezima jiko, nimeliwasha, nimelizima.

Nilikuwa nimejitayarisha kukuandikia ushauri. Mzazi anayeaga huandika ushauri. Ningekuambia huko maabara utavunja vitu vya watu, maana kila anayeshika vitu vidogo huvunja, na kwamba useme siku ile ile, kabla ya chakula, kabla hujapata muda wa kutunga. Lakini nani anakuambia hivyo? Mtu aliyebandika soli kwa gundi na kupiga fundo upande wa kushoto. Wewe ulipounguza redio ya Mama Brayo ukiwa na miaka kumi na mbili ulikwenda mwenyewe, ukagonga, ukasema, "Nimeiua." Sijui ulilipata wapi hilo. Si kwangu. Sina la kukufundisha hapo. Ninachoweza ni kukueleza jinsi mtu anavyokuwa asipolijua. Anakuwa hatulii. Anaolewa na mwanaume mzuri kuliko wote Kariokor na hawezi kukaa kitini dakika kumi. Nilidhani nikimpenda mtu nimfiche habari mbaya, kama mtu anavyofunika chakula nzi wasitue. Nimekufunika wewe, nimemfunika Wekesa, na mimi mwenyewe nimebaki nikipunga mkono juu ya meza mchana kutwa.

Na jana usiku ulinisomea karatasi utakayoisoma Jumatatu. Ulikuwa umejilaza miguu kwenye mapaja yangu. Inaanza hivi: "Nyanya yangu alipotea kwa sababu mama yangu alikuwa bafuni dakika tano. Dakika tano zinatosha kumpoteza mtu." Ukaniuliza kama ni nzuri. Nikasema ni nzuri sana, mama. Nikakubusu kichwani.

Hapo ndipo barua hii ilipoanza, kwa kweli. Kwamba utasimama nchi ya watu, na kiatu kilichokufa mkononi, na uongo wangu mdomoni, ukiamini vyote viwili. Na kwamba mimi nitakuwa hapa nikipika, nikijua.

Sasa sikiliza jinsi nilivyo mtu wa ajabu. Nimefika hapa, nimekunja karatasi nne za kwanza, nimefungua begi lako, nimeinua sweta la kijivu. Na mkono ukiwa ndani ya begi nimejiuliza, hii barua ataisoma lini? Ataisoma Kigali. Jumapili usiku labda, amechoka, chumba kigeni, na kesho yake ndiyo siku yenyewe. Bila Akinyi. Bila solda. Nitakuwa nimekuambia ukweli saa ambayo haukufai kitu, ili mimi nilale vizuri na wewe ukeshe. Ni bafu lile lile, Nafula. Nimebadilisha mlango tu.

Ndipo nikakumbuka siku ile ulipomwambia Akinyi kwamba umebakiwa na chipu mbili na kapasita kadhaa, ziko kwenye kile kibati cha peremende. Nimekipata kwenye mfuko wa pembeni. Sijakifungua; nimekitikisa tu kidogo karibu na sikio, na hata hilo huenda nilikosea. Nimempigia Akinyi. Sikumweleza lolote, nimemuuliza tu anafunga saa ngapi. Amesema saa moja, lakini kama ni Nafula anaweza kungoja mpaka saa mbili. Nimempigia Wekesa, nikamwambia, "Namwambia yote mawili." Nikasikia akimwambia jirani yake wa kibanda amfungie. Anakuja Jericho na kisu chake na gundi yake na soli mpya. Amesema safari hii atafunga kisigino mwenyewe, ukikubali akishike.

Huenda usikubali. Huenda ukataka mkitengeneze wewe na Akinyi tu, sisi tukae mbali. Huenda ukaniangalia kama ulivyoniangalia pale uwanjani kidato cha pili, na kesho ukapanda basi bila kunipungia. Karatasi yako ya Jumatatu utaamua mwenyewe ianzeje. Ukitaka kuandika "mama yangu alikuwa amekwenda kuonana na mwanaume", andika, nitakutajia mpaka chapati zilikuwa ngapi. Sikuombi unisamehe leo. Leo kuna kazi, na muda ni mchache. Nakuomba tu usinikumbatie haraka kama mara ile. Nigombeze kwanza.

Ni saa kumi na nusu. Nimevaa viatu. Kiatu cha Kukhu kiko kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kibati, na barua hii naikunja kama ilivyo, bila bahasha. Mwambie Njeri aache hapo alipofika, hata kama ni nusu kichwa. Nakuja kukupa mkononi, nitasimama hapo hapo mlangoni wakati unasoma, na sitakwenda dirishani.

Mama yako,
anayeshuka ngazi